Nafasi Moja katika Mji wa Lugubu

Hapo zamani, wala si zamani sana, palikuwa na mji wa reli uitwao Lugubu. Karakana ya treni ilipofungwa, vijana waliondoka. Wakabaki wazee, kila mmoja na mlango wake. Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa na mtu mmoja tu, Bwana Misigalo, naye alisomea malezi ya yatima. Kila wiki aliwaandikia wakubwa wake barua: "Niongezeeni watu. Mji umebadilika." Kila wiki, kimya.

Asubuhi moja Kabula alipita kwa Bibi Sijali. Huyu Kabula alilea watoto katika kituo cha yatima miaka kumi na minne. Kituo kilipokosa watoto kikafungwa, naye akawa anabisha hodi kwa wazee bila kutumwa na mtu. Akabisha. Kimya. Akabisha tena. Kimya. Majirani wakasema, "Amelala huyo, mwache." Hakumwacha. Alivunja kitasa, akamkuta bibi sakafuni, nyonga imevunjika, midomo imekauka.

Watu wakainama kumnyanyua. "Msimguse!" Sauti hiyo ilikuwa ya Luhende, mhitimu wa chuo cha ustawi wa jamii, mwaka wa tatu huo hana ajira. Alimfunga mguu kwa mbao, akang'oa mlango ukawa machela. Hospitali ikauliza, "Ndugu yake nani?" Hakuna. Luhende akataja kanuni ya wazee wasio na ndugu, akabishana nao mpaka bibi akapokelewa.

Lakini bibi aligeukia ukuta, akakataa kula. Ndipo akaja Nyanjige, muuza mihogo wa stesheni, asiyejua kusoma. Aliacha meza yake siku kumi na nane. Alimwogesha, akamgeuza, akamsimulia umbea wa sokoni mpaka bibi akacheka. Alipocheka, akaomba uji.

Bibi Sijali aliporudi nyumbani, barua ikafika: kibali cha kuajiri mtu mmoja. Misigalo akawaita wote watatu.

"Nisingebisha mimi," alisema Kabula, "mngekuja kuzika."

"Mngemnyanyua, mngemuua," alisema Luhende. "Na hao wazee wengine, nani anazijua haki zao?"

Nyanjige alitazama mikono yake. "Alishaamua kufa, nikamkatalia. Sasa meza yangu anayo mtu mwingine."

Misigalo akawapeleka kwa bibi aamue yeye. Bibi akamkazia macho.

"Unaniuliza mimi niliyepona? Mzee Chubwa, nyumba ya pili, hajatoka tangu juzi. Nani kabisha kwake?"

Wakakimbia. Mzee Chubwa alikuwa hai, homa imembana, anatetemeka. Kabula akamshika mkono, Luhende akaita gari, Nyanjige akainjika uji. Misigalo akabaki mlangoni, kalamu mkononi. Fomu ya ajira ina mstari mmoja wa jina, na lazima iondoke na basi la saa nane.

Haya, ndugu zangu mlioketi hapa, msiniambie wote watatu, maana mstari ni mmoja. Semeni upesi, basi linapiga honi: je, liandikwe jina la nani?