Fundi wa Gia Boksi na Mume wa Eufrasia

Ndugu zangu, leo mniruhusu niwatoe humu kanisani kwa muda, twende gereji. Mliovaa nguo nyeupe msiogope, hatutakaa sana.

Palikuwa na fundi mmoja, tumwite Amsi. Kazi yake ilikuwa gia boksi za magari ya automatiki, na mji mzima ulimjua kwa kazi hiyo. Hakuwa mlevi. Hakuwa mtu wa kuiba vipuri vya wateja. Nalisema hili mapema kwa sababu mkisikia yaliyotokea mtataka awe mtu mbaya, naye hakuwa.

Akaletewa gari la kijiji kimoja cha huko juu milimani. Wanakijiji walikuwa wamelinunua kwa kuchangishana, na ndilo lililokuwa likiwashusha wagonjwa wao hospitali. Dereva wake aliitwa Boay. Gia boksi ilikuwa inavuja oili, basi Amsi akaishusha, akabadilisha sili iliyochakaa, ule mpira unaozuia oili isitoke, kisha akaanza kurudisha kila kitu mahali pake.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, hata ninyi ambao hamjawahi kushika spana. Kati ya injini na gia boksi ya automatiki kuna dude zito la mviringo, kama sufuria mbili zilizofunikana. Mafundi wanaliita konveta. Linapokea nguvu ya injini na kuipitisha kwenye gia boksi. Kuliingiza hakutaki nguvu, kunataka subira. Unalisukuma kwa mikono huku unalizungusha. Linaingia kidogo, linagoma. Unalizungusha tena, linaingia tena, mpaka lishikane na pampu ya oili iliyoko ndani kabisa. Likifika mwisho, gia boksi na injini vinakutana vyenyewe, na bolti kazi yake ni kuvishikilia tu. Lisipofika, unabaki uwazi katikati. Ukiuona uwazi huo, shusha gia boksi uanze upya. Ukiulazimisha kwa bolti, utaivunja ile pampu, na gari litatembea kwa muda tu kabla ya kugoma.

Amsi aliyajua hayo kama mnavyoijua njia ya kurudi nyumbani kwenu.

Siku hiyo Boay alikuwa amesimama kando ya gari, hatulii. Mkewe, Eufrasia, alikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, kwa hiyo nesi wa zahanati alikuwa amewaonya kwamba safari hii mama asingoje uchungu akiwa kijijini, ashuke mjini akae karibu na hospitali. Asubuhi Eufrasia alikuwa amepiga simu kusema kiuno kimeanza kumuuma. Na mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya mlima, na barabara ile ikinyeshewa haipitiki.

Amsi alikuwa amelala chali chini ya gari, gia boksi iko juu ya jeki. Akaipandisha mpaka ikaigusa injini, na ukabaki uwazi. Kidole kingepita. Akautazama. Mabega yalikuwa yanamuuma, oili imemwingia machoni, na kuishusha tena kulimaanisha kurudia kazi yote ile tangu mwanzo. Boay akainama, akachungulia.

"Bado nini, fundi?"

"Bado kukaza tu, kaka."

Akachukua spana. Akakaza bolti ya upande huu, akakaza ya upande ule, na ule uwazi ukaanza kupungua. Katikati ya kukaza ukasikika mlio mdogo wa chuma kuvunjika. Haukuwa mkubwa hata kidogo. Amsi akasimamisha mkono, akasikiliza. Halafu akaendelea kukaza mpaka uwazi ukafungwa kabisa, na kwa nje usingeona kasoro yoyote.

Kwa nini aliendelea? Mnaniuliza mimi? Hakuna hata mmoja hapa aliyewahi kujua kwamba jambo limeharibika mkononi mwake, akaendelea nalo kwa sababu kurudi mwanzo kulikuwa kugumu?

Gari likawashwa. Likaenda mbele kidogo pale uani, likarudi nyuma. Boay akashukuru, akapanda, akaondoka. Amsi akanawa mikono.

Boay alifika kijijini salama. Akampakia mkewe pamoja na mama mkwe wake, wakaanza safari ya kwenda mjini. Wakashuka bondeni vizuri, wakaanza kupanda kilima cha upande wa pili, na hapo injini ikawa inalia na gari halisogei. Kisha likaanza kurudi nyuma. Boay akavuta breki ya mkono, akaruka nje, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Akarudi akajaribu kila gia. Hakuna kilichoshika. Mvua ikaanza kunyesha, na simu haikuwa na mtandao. Akakimbia kwenye nyumba zilizokuwa karibu kutafuta msaada, wakaja wanaume na kitanda, wakamlaza Eufrasia juu yake, wakambeba wakipokezana ndani ya tope. Lakini lile kovu la uzazi wa kwanza lilikuwa limeshafunguka ndani ya tumbo. Alifia njiani, na mtoto naye. Mama yake alikuwa akitembea pembeni, ameshika mguu wa kitanda, anaendelea kumsemesha.

Sina namna ya kuipamba habari hii.

Gari likakokotwa mpaka gereji. Amsi akaifungua gia boksi, akaikuta pampu imevunjika pale pale alipojua ataikuta imevunjika. Huko mjini watu walikuwa wakisema gari lilikuwa kuukuu, barabara mbaya, siku ya marehemu ilikuwa imefika. Hakuna aliyemtaja fundi. Angeweza kunyamaza na kwenda na siri hiyo mpaka kaburini.

Hakuweza. Baada ya mazishi alipanda kwa miguu mpaka kijijini, akamkuta Boay amekaa na waombolezaji, akamwomba wasogee kando. Akamweleza yote, jinsi konveta ilivyokuwa haijaingia, jinsi alivyokaza huku akijua, na ule mlio. Akasema hakuja kuomba msamaha, kwa sababu hajui angeuomba kwa maneno gani. Amekuja ili Boay ajue, na kama anataka waende polisi, yuko tayari sasa hivi.

Alitegemea kupigwa. Nadhani alitamani apigwe.

Boay hakuinua mkono. Alimtazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, ili wale waliokaa wasisikie:

"Niliusikia, fundi. Nilikuwa nimeinama pale. Niliuona uwazi, nikausikia mlio, nikakuona umesimamisha mkono. Nikajiambia, nikimuuliza atashusha upya, na mimi nataka gari. Nikanyamaza. Halafu nikaenda kumpakia mke wangu humo humo."

Natamani niwaambie kwamba walikumbatiana wakalia pamoja. Hawakukumbatiana. Mmoja alishuka mlima, mwingine akarudi kukaa na waombolezaji, na mama mkwe, ambaye alikuwa hajui lolote, akamletea mkwewe uji.

Ndugu zangu, tangu nilipoanza nilikuwa nawaona mnatikisa vichwa. Mlikuwa mnamtikisia fundi. Lakini niambieni, humu ndani ni wangapi tulioshika spana? Wachache. Wengi wetu ndio tuliosimama kando. Tunamsikia binti wa jirani analia kila mumewe akirudi, tunaongeza sauti ya redio. Tunamwona mtoto anaogopa kubaki peke yake na mjomba fulani, tunamwambia aache utundu, amsalimie mjomba. Tunamwona mchumba wa dada yetu alivyo mkali, lakini kadi za harusi zimeshasambazwa, basi tunapiga vigelegele. Hatukuharibu sisi. Tulisikia tu. Na tulinyamaza kwa sababu kuna kitu tulichokitaka, na swali moja lingetuchelewesha kukipata.

Kuhusu Eufrasia sina faraja ya kuwapa. Nimeitafuta wiki nzima nikiliandaa neno hili, sikuipata. Majuto ya wale wanaume wawili yalikuwa ya kweli, na hayakumrudisha. Mungu anaweza kuwasamehe, naliamini hilo kwa moyo wangu wote. Lakini hata Mungu akisamehe, kile kitanda kilibeba maiti, na kuna bibi huko mlimani anayezeeka bila binti yake.

Sitaki mtu asimame leo. Sitaki mtu aje mbele wala anyooshe mkono, kwa sababu tukishafanya hivyo tutaimba, tutajisikia vizuri, tutakwenda kula. Naomba kila mmoja amfikirie mtu mmoja tu. Unamjua. Yuko hai, yuko nyumbani mchana huu, na kuna jambo umelisikia juu yake ambalo hujamwambia mtu yeyote. Mimi sijui ni nani. Wewe unajua. Toka hapa uende ukaseme, hata kama watakuchukia kwa hilo, hata kama utaonekana umevunja furaha ya watu.

Maana yule bado tunaweza kumkuta akiwa hai.