Kigong'ota Abisha Hodi

Paukwa!
— Pakawa!
Moto una kuni?
— Unazo!
Wa nyuma wanasikia?
— Wanasikia, sema!

Basi sogeeni.

Hapo kale, juu mlimani kwenye ukungu, aliishi Kigong'ota. Ndege mdogo, mgongo wa kijani, mdomo kama patasi. Yeye na mumewe walikuwa na tundu lao katika mti mkavu. Usiku mmoja ikaja tufani. Mti ukaanguka, ukamlalia mume. Mungu alitoa, Mungu akatwaa.

Kigong'ota akabaki mjane, na yai tumboni. Na yai, wenzangu, halijui msiba. Siku zake zikifika, linatoka.

Mnaijua desturi: kwenye matanga hatutwangi. Kinu kinalazwa, mchi unawekwa kando. Kule mlimani nako hapana kutwanga, hapana kugonga, mpaka mkuu wa matanga atamke kwamba yameanuliwa. Mkuu alikuwa Hondohondo, ndege mwenye domo kubwa. Kila asubuhi ndege walileta tini za kumpa mfiwa pole. Kila asubuhi Hondohondo alizipokea. Mfiwa aliziona kwa mbali tu.

Kigong'ota hakutulia. Shina juu, shina chini. Tawi hili, tawi lile. Akaenda kwa Hondohondo.

"Shikamoo, babu. Tuanue matanga, nichonge tundu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Bado. Machozi hayajakauka." Akameza tini.

Akarudi. "Babu, yai linashuka."

"Bado. Haraka ya nini? Watasema hukumpenda mumeo." Akameza tini.

Akarudi tena. "Babu, nakuomba."

Safari hii alitikisa kichwa tu. Mdomo ulikuwa umejaa.

Kima mmoja, Mbega, akapiga kelele kutoka juu: "Dada, huyo ataanua matanga siku tini zitakapokwisha!"

Mnacheka? Kigong'ota hakucheka. Aliinama, akasema, "Ee Mola, mlango mmoja tu." Kisha akaruka hadi kwenye mti wa kwanza.

Ko! Ko! Ko!

Msitu ukashtuka. Hondohondo akaja mbio. "Wewe mjane! Unatwanga matangani?"

"Sitwangi, babu. Nabisha hodi. Hodi nayo imekatazwa?"

Nani akataze hodi penye msiba? "Haya! Lakini hodi ni mara tatu. Usipoitikiwa, ondoka!"

"Ndivyo nilivyolelewa."

Akahamia mti wa pili. Ko! Ko! Ko! Akatega sikio kwenye gome. Kimya, mti haujaoza, mgumu. Akahama. Ko! Ko! Ko! Kimya. Akahama. Hondohondo nyuma yake, akihema. Yai likambana. Jua likashuka.

Akafika kwenye mwerezi mzee, wenye kuvu ubavuni. Ko! Ko! Ko!

Ndani kukaitika: kooo... kooo... kooo.

"Umesikia, babu? Nimekaribishwa."

"Na nani?"

"Na mwenye miti yote. Na aliyekaribishwa hasimami nje."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akadakia Mbega.

Mwerezi ulikuwa umeoza moyo, umebaki ganda. Kigong'ota akausukuma kwa mdomo. Ganda likameguka kama kiporo cha ugali. Akaingia. Jua halijazama, yai likawa ndani, kavu, salama.

Kesho yake ndege wakapita na tini zao, moja kwa moja hadi mwerezini. Hondohondo alikaa tawini, domo wazi, akingoja. Angoje.

Kinda likakua, likaruka. Mngedhani mama sasa atatulia. Wapi! Piteni msituni hata leo: anagonga, anatega sikio, anahama. Wenye kujua husema anatafuta wadudu. Na wadudu anawala, sikatai. Lakini mimi nimemsikiliza sana. Nyumba anayo, mtoto amemkuza. Yupo mmoja tu, yule aliyelaliwa na mti, ambaye hajamwitikia.

Hadithi nimeichukua mlimani, mlimani nairudisha. Palipo patamu gawaneni. Palipo pachungu, niachieni mimi.