Bati la Bi Somoe

Bati la jirani likilegea, lako limeng'oka. Mmelisikia neno hilo leo mkutanoni, mzee Chilumba alipowaambia wale wa mtaa wa chini wazibue mfereji wao, nanyi mkacheka: mfereji na bati wapi na wapi! Haya, chekeni. Methali haioti yenyewe kama uyoga, kuna mtu iliyemuuma kwanza. Sogeeni, na wewe zima hiyo simu. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Namjembe paliishi fundi wa kuezeka aitwaye Mtopwa. Kazi aliijua, usiseme. Paa aliloliezeka yeye, masika yote yapite usisikie hata tone. Na mwenyewe alijua kwamba anajua, hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanzia. Alikuwa na mwiko mmoja aliourithi kwa baba yake: hapandi juu ya paa la mtu mpaka mwenye nyumba atamke kwa kinywa chake, "Panda." Huo haukuwa mwiko wa kujitungia. Huku kwetu, ukionekana juu ya paa la mwenzako bila kuambiwa, utaitwa mchawi kabla hujashuka.

Jirani yake wa upande wa kaskazini alikuwa Bi Somoe, mjane, mpika chumvi kule mikokoni, mwanamke wa maneno machache yenye pilipili. Alipojenga nyumba ya bati kila mtu alijua ataezekewa na Mtopwa, maana kati ya nyumba mbili hizo hapakuwa na hatua thelathini. Bi Somoe akamleta mpwa wake kutoka mjini. Huyo mpwa akaezeka kwa siku moja, akala wali wake, akaenda zake.

Mtopwa siku ile hakusema kitu. Alisema kesho yake, kisimani, watu wamejaa. "Paa lile ni kofia ya mlevi," alisema, "linangoja upepo tu." Maneno yakafika kwa mwenyewe kabla ndoo ya mwisho haijajaa. Naye akajibu, "Mwambieni fundi, asiyealikwa harusini hasemi pilau limepoa." Basi, tangu hapo hawakusalimiana. Mihogo na chumvi vilipita kwa mlango wa uani, mkononi mwa Bi Atije, mkewe Mtopwa, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu.

Haukupita mwaka, bati la pembeni la Bi Somoe, lile la upande wa kwa Mtopwa, likalegea. Upepo ukipuliza linagonga: ko, ko, ko. Mtu mwingine lingemkera. Mtopwa lilimburudisha! Alikuwa akikaa barazani jioni, bati likigonga, yeye anatabasamu peke yake kama aliyeletewa salamu. Bi Atije akamwambia, "Mume wangu, furaha yako hiyo ina kasoro."

"Mimi nimefanya nini? Bati ni lake."

Likagonga hivyo miaka miwili.

Ndipo kikaja kimbunga. Redio ilitangaza siku mbili mfululizo, na mjumbe akapita nyumba kwa nyumba: kinazunguka baharini, kinakuja moja kwa moja kwetu, watu wafunge nyumba zao, walioko kwenye vibanda vya chumvi watoke. Wapo waliosema redio inatia chumvi. Mtopwa aliamini, tena alikuwa na sababu ya kuamini. Binti yake Asumini alikuwa amejifungua siku nne tu zilizopita, mtoto wa kike, na wote wawili wamo chumba cha kati. Kwa ajili ya kichanga kile Mtopwa alikuwa tayari kuifunga hata dunia.

Akapitisha kamba tatu za katani juu ya paa, akazikaza kwenye vigingi alivyovichimbia chini kiasi cha goti, akapandisha na viroba vya mchanga. Ikabaki kamba moja, nene, ndefu. Bi Atije akaitazama ile kamba, kisha akatazama kwa Bi Somoe.

"Na lile la mwenzio?"

"Amesema panda?"

"Hajasema."

"Haya basi. Halafu fikiri, mama Asumini. Upepo unatoka kusini, na yeye yuko kaskazini yetu. Bati lake liking'oka litakwenda zake mikokoni kuwafunika kaa. Sisi linatuhusu nini?"

Na kwa upepo wa siku ile, hesabu yake ilikuwa sawa kabisa.

Kikaingia Jumatano asubuhi. Kwanza mvua ya kulala, kisha upepo, kisha upepo ukaacha kuwa upepo tunaoujua. Minazi iliinama mpaka makuti yakafagia ardhi, mingine ikakatika katikati kwa mlio wa bunduki. Paa la shule likainuka lote, likaondoka na kenchi zake. Bahari ikapanda, ikameza mabwawa ya chumvi na visima. Watu wakajua hapana nyumba madhubuti kama ya fundi, wakaikimbilia. Hadi saa nne walikuwa wamo humo kumi na wawili, wamebanana, wanasoma dua, na paa juu yao halikutikisika. Mtopwa alikuwa akitazama juu, anasikia kamba zake zinalia, anajisemea moyoni, "Lieni tu, hamwendi popote."

Saa sita mchana, ghafla, kimya. Jua likatoka! Upepo haukuweza kuzima hata kibiriti. Watu wakatoka nje, alhamdulillahi, alhamdulillahi, huyu anatafuta mbuzi wake, yule anaokota sufuria. Mtopwa akasimama barazani mwake kama bwana harusi. Kwa Bi Somoe mabati matatu yalikuwa yameinuka, yanashikiliwa na msumari mmoja mmoja.

Bi Somoe akazivuka zile hatua thelathini. Kanga imemganda mwilini, miguu imejaa tope.

"Hodi, fundi."

"Karibu, dada," akaitikia Bi Atije, maana mumewe alijitia hakusikia.

"Sikuja kukaa. Fundi, hiki hakijaisha. Marehemu mama yangu alikiona cha zamani, akatuambia kina nusu mbili. Kinanyamaza, kisha kinarudi kwa mlango mwingine. Mabati yangu yamelegea." Akalinyoshea paa lake kidole. "Panda."

Jamani! Neno lile lilimtoka mwanamke yule kwa uchungu, kila mtu aliona. Mtopwa alikuwa amelingoja miaka miwili. Kamba ilikuwa pale pale mlangoni, na mkono wake ulikwisha kuigusa. Lakini wale watu kumi na wawili walikuwa wamegeuka wote wanasikiliza, na mwenye kiburi akishapata wasikilizaji, ndipo anapoharibika.

"Mwite mpwa wako," akasema.

"Mtopwa!" Bi Atije akashika kichwa.

Bi Somoe hakumtukana, ingawa matusi alikuwa nayo. "Haya," akasema, "nimesikia." Akarudi kwake. Wakamwona anafungua kamba ya kuanikia nguo, anaifunga jiwe, anairusha juu ya paa. Ikarudi. Akairusha tena, ikarudi tena. Hakuna aliyecheka. Wengine walianza kuinama, wanatazama vidole vyao vya miguu.

Ndipo sauti ikatoka chumba cha kati. "Baba," alisema Asumini, "nenda bwana. Mbona unanitia aibu mbele ya mtoto wangu?"

Hilo lilimpata. Mtopwa akaichukua kamba, akaitia begani, akaondoka bila kumtazama mtu. Alikuwa amefika katikati ya uwanja upepo ulipomkuta. Ulimkuta usoni. Akasimama, akaelewa palepale, maana mtu wa paa haambiwi upepo unatoka wapi. Ulikuwa unatoka kaskazini. Sasa kati ya upepo na mjukuu wake palikuwa na mabati matatu ya Bi Somoe.

Akageuka kukimbia. Bati la kwanza likapita juu ya kichwa chake, likaenda zake. La pili likaikata kamba ya kati kama panga linavyokata mgomba. La tatu, lile la pembeni, lile la ko ko ko, likajichoma chini ya mgongo wa paa lake, na upepo ukafuata kwenye tundu hilo. Paa la Mtopwa, misumari yake yote, kamba zake, viroba vyake, likanyanyuka kwa mara moja. Aliliona linaondoka. Akaingia mbio chumba cha kati, akamwinamia binti yake na kichanga, na ukuta ukamwangukia yeye, ukamvunja mkono wa kulia.

Mvua ikawa inamwagika ndani ya nyumba. Watu wanapiga kelele, hakuna anayejua aende wapi. Asumini amemkumbatia mtoto, mtoto amenyamaza, na kunyamaza kule kulimtisha Mtopwa kuliko upepo wote. Hapo akasikia mtu anaita kutoka nje, anaita kwa nguvu zake zote.

"Mleteni mtoto! Mleteni huku, jikoni kwangu!"

Alikuwa Bi Somoe, amekuja akitambaa kwa magoti. Nyuma ya nyumba yake, chini ya ukuta uliozuia upepo ule wa kaskazini, kilikuwapo kibanda cha jiko, cha udongo, kifupi, cha makuti, ambako alikuwa akikaushia chumvi. Akamtia mtoto kifuani, akamfunika kwa mgongo wake, akatangulia. Wakafuata wote, wanajikokota, wakajibana humo. Akamkausha mtoto kwa kanga kavu, akamlaza ndani ya pakacha la chumvi karibu na jivu la moto. Kikapita kitambo. Kisha mtoto akapiga chafya, akalia. Bi Atije naye akalia, na wengine wakalia.

Mtopwa alikuwa amekaa mlangoni, mkono umening'inia.

"Somoe," akasema, "uliniambia panda."

"Nilikuambia."

"Nilisikia."

"Najua ulisikia," akasema Bi Somoe. "Sogea ndani, unalowa."

Kimbunga kilipokwisha, Namjembe ilibaki na nyumba tano zenye mapaa. Maji ya visima yalikuwa na ladha ya bahari kwa miezi mingi. Wapika chumvi wawili waliokaidi kutoka vibandani hawakuonekana tena, na matanga yao tuliyakaa bila makaburi. Mkono wa Mtopwa uliunga, lakini haukuinuka tena kupita bega. Hakuezeka tena maishani mwake.

Siku ya tano akaja karani wa kata na daftari lake, anaandika uharibifu. Alikuwa mtu wa haraka, wa maswali mafupi. Akamkuta Mtopwa amesimama kwenye kifusi cha nyumba yake, watu wamemzunguka, Bi Somoe akiwamo.

"Jina?"

"Mtopwa."

"Paa limeng'oka lote?"

"Lote."

"Liling'oka lini?"

"Miaka miwili iliyopita," akasema Mtopwa.

Karani akainua kichwa. Akamgeukia Bi Atije, akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee ameumia na kichwani?"

"Mkono tu," akasema Bi Atije.

"Mzee, kimbunga kilikuwa Jumatano."

"Jumatano ndipo lilipoondoka," akasema Mtopwa. "Lilikwisha kung'oka zamani. Siku lile bati la Somoe lilipolegea, nikalisikia kwa masikio yangu, nikafurahi, siku ile ile langu liling'oka. Niliendelea kulala chini yake nikidhani ninalo."

Karani akacheka kidogo, akaandika Jumatano, akaenda nyumba ya pili. Waliosimama pale hawakucheka. Bi Somoe alijifuta uso kwa upindo wa kanga, na mtu mmoja akainama akaanza kuokota misumari kwenye kifusi. Hadi jioni maneno yale yalikuwa yamefika kisimani, yamefupishwa na vinywa vya watu, yamekuwa hivi mnavyoyasikia: bati la jirani likilegea, lako limeng'oka.