Kwa Nini Mwindaji Mgeni Huomba Moto, na Pongo Ana Madoa

Asubuhi mmecheka sana, nimewasikia. Mmemcheka yule mwindaji wa ng'ambo aliyesimama uani kwetu akiupa mlango mgongo, akaomba moto, ilhali kiberiti kinachungulia mfukoni mwake. Nitawaeleza sababu, na nitaeleza mara moja tu. Mikono isisimame. Karanga hizo hazijimenyi zenyewe.

Hapo kale pongo hakuwa na doa hata moja. Alikuwa mwekundu mtupu kama udongo wa kichuguu, tangu masikio hadi mkia. Mto Mwiha ulikuwa papo hapo ulipo leo, ukigawa nchi mbili: huku Ilolwa, kule Ndekeli. Wanawake waliuvuka kwenda kuolewa, wakauvuka tena kuja kuwajulia hali mama zao, na hakuna aliyeitisha mkutano kwa ajili hiyo. Wanaume walipouvuka na mikuki ndipo maneno yalipoanza.

Watu wa Ndekeli walikuwa wamewinda kwao mpaka wakabaki kuvizia panya. Wawindaji wao wakaanza kuvuka kuja katika msitu wetu. Wanaume wa Ilolwa wakakusanyika kwa mtemi, wakasema kuwa mnyama aliyekula majani ya Ilolwa ni wa Ilolwa. Wa Ndekeli wakajibu kuwa mnyama hana mtemi. Yeye huenda anakotaka, na mwindaji humfuata. Maneno yote mawili yalikuwa mazuri kusikiliza. Tatizo ni kwamba msimu uliofuata wanyama walihamia ng'ambo, wanaume wa Ilolwa nao wakavuka kuwafuata, na maneno yakabadilishana vinywa. Wetu akivuka, shujaa. Wao wakivuka, wezi.

Mikutano ikawa mingi kuliko nyama. Kila mkutano ulitaka ugali, ugali ulitaka kuni, na kuni zilikuwa katika msitu ule ule ambao wageni walikuwa wakiuchimba mashimo ya kunasia wanyama. Mwenyeji naye huchimba shimo, akalifunika kwa fito na majani, lakini mwenyeji anajua mama yake hupita wapi. Mgeni hajui. Angeuliza angeambiwa, ila kuuliza ni kukiri kwamba nchi ina wenyewe, na hilo ndilo walilokuwa wakilibishania. Basi hawakuuliza. Wanawake wa Ilolwa wakawa wanakwenda kuni huku wakipapasa njia kwa fimbo, kama vipofu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Ilolwa aliyeitwa Kalunde. Binti yake, Mbuke, alikuwa ameolewa Ndekeli na mwindaji hodari, Luhende. Huyo Luhende alivuka mto, akaona kijia kilichokanyagwa vizuri karibu na kivuko, akafurahi. Akadhani ni njia ya wanyama. Akachimba shimo katikati yake. Ilikuwa njia ya mkewe ya kwenda kwa mama yake. Wala hakumwambia mkewe alipochimba, kwa sababu huko Ndekeli waliamini kwamba kumtajia mwanamke mtego ni kuutia mkosi.

Mvua za kwanza zikanyesha, shimo likashika maji kidogo. Alfajiri pongo dume akatumbukia. Asubuhi Mbuke akaja na kapu lake la unga kichwani, akaona majani yamevurugika, akasogea kutazama, ukingo ukamomonyoka. Akatumbukia naye. Mguu ukavunjika. Akabaki amejibanza pembeni mwa shimo, na mbele yake pongo mwenye pembe kali, amelowa, amejaa hofu. Mnajua pongo akibanwa anavyokuwa. Kwa pembe zile humtoboa mbwa tumbo.

Mbuke alipiga yowe. Watu wakaja kutoka pande zote mbili, Luhende akiwa miongoni mwao, na mikuki walikuwa nayo. Mkuki mmoja ungetosha kumaliza jambo. Lakini anayetangulia kumchoma mnyama ndiye mwenye nyama, na hakuna upande uliokubali mwingine uwe wa kwanza.

"Shimo ni langu," alisema Luhende.

"Shimo liko kwetu," alisema mwanamume wa Ilolwa. "Utachimba uani kwangu, halafu uniambie kisima ni chako?"

"Tazameni nyayo! Huyu pongo ametoka Ndekeli."

"Basi alikuwa anawakimbia nyinyi. Ni mkimbizi wetu."

Watu wakacheka. Wakaanza kupima nyayo. Mzee mmoja akashauri wamsubiri mtemi.

"Na mimi?" Mbuke akaita kutoka chini. "Na mimi ni wa upande gani?"

"Subiri, mama, tunalizungumza," wakamjibu.

Wakati huo Kalunde alikuwa akienda shambani na kapu la majivu, maana viwavi walikuwa wameingia kwenye mtama wake na wanaume wote walikuwa na shughuli za mikutano. Akasikia sauti ya mwanawe. Akaja mbio na kapu lake kichwani, akapenya kati ya mikuki, akatazama chini. Akaona binti yake, akaona pembe. Akainua macho, akawaona wanaume wakipima nyayo.

Luhende alipomwona mama mkwe wake alifanya kama desturi inavyotaka: akageuka haraka, akampa mgongo, akainamisha kichwa.

"Ahaa, leo unanionea haya?" Kalunde akasema. "Wakati unachimba njia yangu haya ulimwachia nani?"

Hakungoja jibu. Akatia mikono yote miwili kapuni, akawarushia majivu usoni, wa Ilolwa na wa Ndekeli bila kuchagua, konzi baada ya konzi, mpaka wakarudi nyuma wakikohoa na kufikicha macho. Majivu mengine yakamwagikia shimoni. Yakamwangukia pongo: pengine madoadoa, pengine yakamteremkia ubavuni kwa mistari pale yalipopita kati ya vidole vya Kalunde. Kwa kuwa alikuwa amelowa, yakamganda. Pongo akashtuka, na kwa kuwa ukingo sasa haukuwa na mtu, akaruka mara moja akatoka, akapotelea vichakani kandokando ya mto. Nyama waliyoigombea ikaenda hivyo, na hakuna hata mmoja wao aliyeiona ikienda.

Kalunde akashuka, akamfunga binti yake mguu kwa vipande vya fito zile zile za mtego. Kisha akamwambia Luhende, aliyekuwa bado amegeuka, machozi ya majivu yakimtoka: "Mkwe, rudi kinyumenyume uje umbebe mkeo. Mimi usinitazame, lakini yeye mtazame vizuri."

Mguu ulipona, ila ulipona ukiwa umepinda. Mbuke alichechemea maisha yake yote.

Wanaume walitaka kuitisha mkutano juu ya jambo hilo. Kalunde akatuma ujumbe kwa mama yake Luhende, naye alikuwa mwanamke asiye na subira kama yeye, na wanawake wa pande zote mbili wakapatana pale kivukoni, miguu majini, bila kumpikia mtu ugali. Walisema hivi. Mwindaji na avuke, maana njaa haina mpaka, na kesho anayevuka atakuwa wako. Lakini vijiti vyake vya kupekecha moto aviache ng'ambo kwao. Akifika aende kwenye nyumba ya wenyeji, aombe moto kwa mama mwenye meko. Mama atamwambia njia za watu zinapita wapi, naye atasema mitego ataweka wapi, hata kama kwao ni mkosi. Mkosi ni mguu wa Mbuke. Akipewa kijinga cha moto, msitu nao amepewa. Akinyimwa, arudi kwao. Na akipata mnyama, paja moja libaki pale alipoomba moto.

Wa kwanza kuomba alikuwa Luhende, na meko aliyokwenda kuomba yalikuwa ya mama mkwe wake. Alisimama uani, akaupa mlango mgongo kwa adabu, akaomba. Walioona wakadhani ndivyo inavyotakiwa, wakaiga.

Na tangu siku hiyo mwindaji mgeni huja kuomba moto akiwa amegeuka nje, hata kama mfukoni ana kiberiti. Naye pongo hajayafuta majivu yale mpaka leo. Ana madoa na mistari ubavuni, hukaa peke yake vichakani kando ya mto, asiwe wa huku wala wa kule. Akisikia mwindaji anayenyata kimya, hutoroka mbio. Akisikia wanaume wakibishana huendelea kula majani yake, maana anajua bado ana muda.

Mgeni wetu nimemwambia asipite kisimani wala kwenye njia ya kuni. Naye ameniambia mitego yake iko nyuma ya kichuguu kikubwa, kwa hiyo huko msiende. Sasa leteni karanga hizo. Paja likija, nataka chungu kiwe tayari motoni.