Sifuri Aliyoiamini Lugwisha

Hapo zamani, mwaka ule pamba ilipofurika hadi ikalala mabarazani, palikuwa na fundi umeme jina lake Lugwisha. Alifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba. Mota ikikohoa tu, yeye anajua inaumwa wapi. Jambo moja lilikuwa limemnyima raha: yeye na mkewe Kabula walikaa miaka tisa bila mtoto. Sasa Kabula alikuwa na mimba ya miezi tisa, na Lugwisha akienda kazini anapiga mluzi njia nzima.

Asubuhi moja mota kubwa ikagoma. Malori yamepanga foleni hadi barabarani, msimamizi hakai wala hasimami. Lugwisha akazima swichi, akafungua kifuniko, akachukua kipimo cha umeme, akagusisha ncha zake kwenye nyaya. Kikasoma sifuri. Sifuri maana yake hakuna umeme. Basi akakiweka chini, akanyoosha mkono.

"Kaka Lugwisha, usiguse."

Alikuwa Maige, fundi mwenzake, mtu wa maringo ambaye tangu azaliwe hajawahi kukiri kosa. Siku hiyo alikiri mbele ya wapakiaji wote, na mbele ya msimamizi aliyekwisha kuapa kumfukuza yeyote atakayeharibu kifaa. Akasema, "Jana nilikiangusha hicho kipimo, nikakirudisha stoo kimya kimya. Sijui kama kinasema kweli."

Lugwisha akakitazama. Kinawaka, namba zinaonekana. Akaona Maige anatia chumvi, na malori yanasubiri. Akanyoosha mkono tena.

Safari hii aliyemzuia ni Nkwimba, mtunza stoo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Akamshika fundi mkono, akamvuta nyuma hatua mbili, asimwachie. Msimamizi akafoka, Nkwimba hakugeuka hata kumtazama.

"Fundi," akasema, "kakijaribu kwanza kwenye soketi ile ya feni. Kikiuona umeme pale, nitakuachia."

Lugwisha akaenda akinung'unika. Feni inazunguka, karatasi zinapepea, na kipimo kinasoma sifuri. Waya wake mmoja ulikuwa umekatikia ndani ya mpira, kisingeuona umeme hata kingepigwa na radi. Kikaletwa kipimo kingine, kikajaribiwa kwanza kwenye feni, kikauona umeme. Kikapelekwa kwenye mota. Volti mia nne. Swichi ilizimika kwa nje tu; ndani meno yake yalikuwa yamegandana, umeme bado unapita.

Lugwisha akakaa chini kwenye pamba. Akilini alimwona Kabula na mtoto aliyesubiriwa miaka tisa, wamebaki peke yao. Akalia bila haya. Kisha akaapa mbele ya wote kwamba mtoto huyo, awe wa kike, awe wa kiume, atapewa jina la mtu aliyemwokoa.

Siku ya nne Kabula akajifungua salama, na wenye kulidai jina wakaja.

Maige alikuwa ameshafukuzwa. Akasema, "Kazi sina, heshima sina. Ningenyamaza, nani angejua? Na wewe Nkwimba ulikitoa kipimo stoo bila kukijaribu. Usingesikia maneno yangu, usingeondoka kwenye kiti chako."

"Ni kweli, nilikitoa," Nkwimba akajibu. "Lakini maneno yako Lugwisha aliyasikia, na bado akanyoosha mkono. Mimi ndiye niliyemshika. Angegusa, tungekufa wawili."

Hapo akaja Mama Holo, fundi wa kwanza wa kiwanda kile, aliyestaafu zamani. Akamuuliza Nkwimba hayo ya kujaribu kipimo kwanza aliyajulia wapi. Nkwimba akainamisha kichwa. Aliyasoma kila siku kwenye mfuniko wa sanduku la vipimo, yameandikwa kwa rangi nyekundu.

Mama Holo akainua mkono wake wa kulia. Ulikuwa na vidole vitatu.

"Niliyaandika kwa mkono huu," akasema, "mwezi ule nilipoiamini sifuri. Kwangu hakuwapo wa kuniambia."

Lugwisha akawatazama mmoja mmoja. Wote watatu aliwapenda, na moyo wake ukawa mzito. Kabula akamwekea mtoto mikononi.

"Mume wangu, kiapo ni cha jina moja. Mwite mwanao."

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mtoto yumo mikononi na baba yake amefungua kinywa. Je, amwite nani: Maige, Nkwimba au Holo?