Shangazi wa Dimbwini

Zamani hizo, wanangu, palikuwa na dimbwi lisilofikiwa na jua. Humo aliishi Bi Sikitu, mbawakawa mdogo wa maji, mla majani yaliyooza. Chini ya tumbo alibeba mayai yake, katika kifuko alichokifuma mwenyewe.

Siku hizo dimbwi lilikuwa kimya. Kila kukicha konokono mmoja alitoweka, likabaki ganda tupu.

Asubuhi moja, katika maji meusi, Bi Sikitu akasikia: pwaa... pwaa... pwaa...

"Hodi, mwanangu."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi shangazi yako, Mwanamvua. Nimekuja kuwaona wajukuu."

Bi Sikitu akaganda. Sauti ilikuwa ya shangazi aliyemlea, lakini shangazi huyo alipotea tangu kiangazi. Na mgeni alipiga miguu miwili kwa pamoja, kama makasia. Ukoo wa Bi Sikitu hupiga mmoja mmoja, kama watembeao.

"Mbona unaogelea hivyo, shangazi?"

"Uzee, mama. Viungo vimekaza. Wako wangapi hao?"

"Wengi. Lakini kwetu mgeni hupandishwa kwanza avute hewa, ndipo akae. Ngoja nikutafutie mahali pazuri."

Akapanda, kichwa mbele, kama ukoo wake wote upandavyo. Akachungulia. Kando ya magugu ilisimama miguu miwili myeusi, myembamba, haitikisiki. Yangeyange, yule ndege mdonoa wadudu. Bi Sikitu akashuka taratibu.

"Panda pale penye magugu, shangazi. Pana hewa tamu."

"Na mayai?"

"Ukirudi utayapakata yote."

Mgeni akacheka, kicheko kilekile cha shangazi. Akapanda kinyumenyume, matako juu, kichwa chini. Kumbe alikuwa mbawakawa mla nyama; hao ndivyo wavutavyo hewa, kwa nyuma. Macho yake hayakubanduka kwenye kifuko, wala hakuona kilichosimama juu yake.

Dwa!

"Mwanangu," ile sauti ikaita kutoka juu, mara moja tu, ikakatika.

Bi Sikitu alilia. Alijua si shangazi, hata hivyo alilia, maana sauti hiyo ndiyo iliyombembeleza utotoni. Kisha akakikumbatia kifuko chake, akasikia kitu kidogo kikicheza ndani.

Basi wanangu, mgeni anaweza kujifunza sauti ya nyumbani kwenu, lakini mazoea ya nyumbani hayajui.