Kwa Nini Mbwa Huanza Kuzeeka Mdomoni

Msiwatazame mbwa wa leo mkadhani walikuwa hivi tangu mwanzo. Zamani, dunia ilipokuwa ingali mbichi, rangi za viumbe zilikuwa bado hazijakauka. Punda milia akijisugua kwenye mti, mti ulibaki na michirizi wiki nzima. Ndege wa manjano akitua begani mwako, ulirudi nyumbani na bega la manjano, mke akakuuliza ulikuwa wapi. Hakuna aliyeona ajabu.

Siku hizo mbwa alizaliwa na mdomo mweusi na akafa na mdomo mweusi. Full stop. Ungemtazama wa miaka miwili na wa miaka kumi na mitano, usingejua yupi ni yupi. Basi watu wa kijiji kimoja huko juu milimani Taita wakafikia uamuzi wao: mtu huzeeka, mbwa huwa mvivu tu.

Kwa watu walikuwa na sheria nzuri. Aliyeota mvi kidevuni hatumwi. Habebi wavu wa kuwindia, hakati kuni, na nyama ikipatikana anapelekewa ini. Kwa mbwa walikuwa na mtihani. Kila baada ya mavuno, mkuu wa wawindaji alipiga pembe mara tatu uwanjani kwake. Mbwa ambaye hajafika kwa mlio wa tatu alifungwa kamba ya mkonge shingoni, akapelekwa ng'ambo ya bonde kwenye pori la fisi, akaachwa huko. Mtihani wenyewe ulitungwa na watu ambao hawakuwahi kupimwa na yeyote. Mnawajua. Wapo hadi leo, ila siku hizi wamehamia kwenye ofisi zenye feni, wanakuuliza experience.

Mzee Mwanjala aliishi upande wa juu wa kijiji na mbwa wake jike. Jina la mbwa lilikuwa Hayawahusu, kwa sababu majirani waliuliza sana mbwa huyo anaitwaje. Tangu mkewe Wakesho azikwe, Mwanjala hakuzidisha maneno kumi kwa siku, na saba kati ya hayo alimwambia mbwa.

Maisha yao hayakuwa na makelele. Asubuhi mzee alitoa kigoda nje akapukuchua maharagwe, maganda yakimwangukia mbwa mgongoni, naye mbwa hakujisumbua kuyakung'uta. Jua likisogea, nao walisogea: mmoja akiburuta kigoda, mwingine akijiburuta mwenyewe. Mchana mzee aliloweka ugali kwenye mchuzi mpaka ulainike, akaugawa nusu kwa nusu, kwani meno yao yalikuwa yamefika umri mmoja. Kisha mbwa aliweka kidevu juu ya mguu wa mzee, ule wa kushoto, uliokuwa haupati joto.

Siku moja chungu kilivunjika nyuma ya Hayawahusu, naye hakutikisa hata sikio. Ndipo Mwanjala alipojua kwamba masikio yamekwisha. Alipowaambia watu, walimcheka. Mbwa kiziwi? Wewe mzee, huyo ni jeuri.

Mavuno yakaisha. Pembe ikalia mara tatu, mbwa wa kijiji kizima wakateremka mbio, na Hayawahusu akaendelea kulala juu ya mguu wa mzee. Haikupita muda akaja Mwandoe, mkuu wa wawindaji, na wenzake wawili. Mwandoe alikuwa mtoto wa dada yake Mwanjala.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Naona umekuja na kamba. Mimi mbuzi sina."

"Mjomba, usinifanyie hivyo. Pembe imelia mara tatu."

"Hajaisikia."

"Hata marehemu wameisikia!" Wenzake wakacheka. "Huyu anakunja miguu tu na kula bure."

"Na mimi je? Nimekunja miguu hapa mwaka wa ngapi huu?"

"Wewe ni mzee. Kidevu chako tunakiona."

"Kumbe shida ni kidevu."

"Ndiyo sheria, Mjomba. Sikuitunga mimi."

Sikuitunga mimi! Maneno hayo mawili yameua wengi kuliko chui.

Mwanjala hakubishana. Aliinama, magoti yakilia, akakishika kichwa cha mbwa kwa mikono miwili. Akaweka ndevu zake kwenye mdomo ule mweusi, akasugua taratibu, upande huu na upande huu. Alipoinuka, Hayawahusu alikuwa mweupe kuzunguka midomo mpaka karibu na macho. Kidevu cha mzee kilikuwa cheusi ti, kama cha bwana harusi.

Wale wawili wakaacha kucheka. Mmoja akanong'ona, "Mwandoe, huyu sasa ana mvi. Hatumwi."

Mwandoe aliona amebanwa, na mkubwa akibanwa huuma. "Sawa, abaki. Lakini wewe, Mjomba, mvi huna tena. Kesho utabeba wavu kama vijana wengine. Na ini usahau. Zirudishe hizo mvi, yaishe."

Mwanjala akakaa kwenye kigoda chake. "Mtanipitia saa ngapi?"

Wakampitia alfajiri. Siku ya kwanza alibeba wavu mpaka mtoni, akaanguka, akainuka. Siku ya pili hakuanguka, ila alirudi akitambaa kwenye kile kilima cha mwisho. Siku ya tatu Mwandoe alitembea nyuma yake muda mrefu. Mwishowe akasogea, akasema, "Nipe upande mmoja." Hakuomba radhi. Wakubwa hawaombi radhi. Wanashika upande mmoja wa wavu, uelewe mwenyewe. Siku ya nne hakuna aliyempitia mzee, na jioni ini lilifika mlangoni kwake limefungwa kwenye jani la mgomba. Alilikata nusu kwa nusu.

Katika siku zile tatu, mbwa wa kijiji walikuwa wakija kumjulia hali Hayawahusu, mdomo kwa mdomo, jinsi mbwa wanavyosalimiana. Kila mmoja aliondoka na weupe kidogo, ukazama chini ya manyoya, ukalala hapo kusubiri umri. Mwaka huo huo rangi za dunia zikakauka, na kila kiumbe akabaki na alichokuwa nacho.

Na tangu mwaka huo mbwa huanza kuzeeka mdomoni, kabla ya mgongo, kabla ya mkia, ili asiwepo mtu wa kusema hakujua. Ukimkuta mwenye mdomo mweupe amejilaza mlangoni pa mtu, usimpige teke, wala usiulize anafaa nini. Mruke taratibu uingie ndani. Yuko kazini: anakaa na mtu.